Umri wa Baiskeli ya Mahari

Mahari yangu ilikuwa mbuzi wanne, blanketi la mama, koti la baba, na baiskeli. Mbuzi hawakuleta maneno. Blanketi lilikunjwa likawekwa sandukuni. Koti lilimbana baba kifuani, akalivaa hivyo hivyo kanisani mpaka mshono wa mgongoni ukaachia katikati ya sala. Lakini baiskeli iliwekewa vikao, ikaitiwa mtaalamu kutoka Same, na nusura initoe kwenye ndoa kabla sijaingia.

Sababu ni hii. Kwa desturi yetu huku milimani juu ya Gonja, mjomba ana fungu lake katika mahari ya mtoto wa dada yake. Fungu la mjomba wangu lilikuwa mtamba mmoja, yaani ng'ombe jike mchanga ambaye bado hajazaa. Mjomba alikuwa akimsubiri mtamba huyo tangu nikiwa nanyonya, na nadhani alinipenda zaidi kila nilipoongezeka kimo. Sasa mwaka nilioposwa, ugonjwa wa sotoka ukaingia kwenye mifugo ya bondeni, na Bwana Mifugo wa serikali ya Mwingereza akatangaza karantini. Hakuna ng'ombe wa Kisiwani kupanda mlimani, awe wa mahari, awe wa matanga, awe wa Gavana mwenyewe. Na kwao mchumba wangu ni Kisiwani. Ukisimama kwenye jabali nyuma ya kanisa uliona vumbi la ng'ombe wao kule chini, lakini kumpandisha hata mmoja ilikuwa jela.

Mchumba alikuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge. Mrefu, mkimya, mwenye masikio makubwa ambayo Mungu alimpa pengine kwa kuwa alimnyima maneno. Tulikutana hospitali ya misheni, nilikokuwa msaidizi wa wauguzi, siku alipokuja na kidole kilichochomwa na mwiba wa mkonge kikavimba. Kidole kilipona baada ya wiki moja. Yeye akaendelea kuja kufungwa bandeji wiki tano zaidi, na mimi nikaendelea kumfunga. Hakuna aliyemdanganya mwenzake, kwa sababu wote wawili tulikuwa tunakiona kidole.

Ng'ombe waliposhindikana, mchumba alitafuta kitu kingine cha kumpa mjomba. Ikatokea kwamba mzungu mmoja, msaidizi wa meneja pale shambani, alikuwa anarudi kwao, akamwuzia baiskeli yake na kumwambia kwa kinywa chake kwamba ina miaka mitatu tu. Mchumba akaamini. Alikuwa mtu wa kuamini jambo lolote likisemwa kwa sauti ya upole, na kusema kweli hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya mimi kumtaka.

Washenga wakapeleka habari kwa mjomba. Mjomba akafikiri siku mbili, akakubali kupokea baiskeli badala ya mtamba, kwa sharti moja.

"Mtamba ni mnyama mchanga," alisema. "Na baiskeli iwe changa. Siwezi kuletewa kikongwe."

Mchumba akasimama mbele ya wazee, akasema baiskeli ina umri wa miaka mitatu. Akalisema jambo hilo mara mbili, ili lieleweke. Na hapo ndipo alipojitia kitanzi bila kujua, maana wazee wetu walikuwa na uvumilivu kwa mchumba maskini, mchumba mfupi, hata mchumba mwenye kigugumizi, lakini mchumba akishikwa na uongo kwenye mahari, posa ilikuwa haiahirishwi. Ilikuwa inavunjwa, na mbuzi wake wanarudishwa.

Baiskeli ikaletwa siku ya Alhamisi, imebebwa begani, kwa sababu njia ya kupanda kwetu hakuna baiskeli iliyowahi kuipanda kwa magurudumu yake. Tulizijua baiskeli. Katekista alikuwa nayo, mwalimu mkuu alikuwa nayo: nyeusi, nzito, yenye keria nyuma na kengele na madigadi, ya kukalia wima kama mtu yuko barazani. Hii haikuwa hivyo. Ilikuwa ya rangi ya bluu, nyembamba, haina keria, haina madigadi, na usukani wake ulikuwa umejikunja kwenda chini pande zote mbili, umezungushiwa utepe wa kitambaa cheupe. Watu wa kijiji walikuja kuitazama wakaondoka wakinipa pole.

Mnyama wa mahari kwetu hapokelewi siku ile ile. Hulala kwa baba wa binti siku tatu, aonekane anakula, anakunywa, hakohoi. Mjomba akasema desturi ni desturi. Kwa hiyo baiskeli ikafungwa kamba kwenye nguzo ya zizi, pamoja na mbuzi wangu wanne. Mama, ambaye alikuwa na dharau ya kimyakimya kwa mambo mengi ya wanaume, alitoka asubuhi na fungu la majani, akawawekea mbuzi, kisha akaweka na kidogo mbele ya gurudumu.

Ijumaa wakaja wazee kuikagua. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, hanywi, lakini mjomba alikuja na mtungi wake wa dengelua, ile pombe yetu ya miwa, akauweka nyuma ya mgomba ambapo baba angeweza kutouona. Wakaizunguka baiskeli. Walikuwa wakaguzi wazuri wa ng'ombe, hodari kuliko Bwana Mifugo, na hawakuona sababu ya kubadili utaratibu.

Mjomba akaanza na meno. Akapiga magoti mbele ya ile gia kubwa ya mbele inayoshika mnyororo, akahesabu jino kwa jino, akapotea, akaanza tena.

"Arobaini na sita," alisema.

"Mengi," alisema mzee mwingine.

"Mengi, lakini yamelika. Tazama yalivyochongoka."

Wakaenda kwenye pembe. Hapo walichukua muda. Wakashika usukani, wakaufuata kwa vidole jinsi ulivyoshuka na kurudi nyuma. Mjomba akanyoosha mgongo, akatangaza kwa huzuni kwamba ameona ng'ombe wengi maishani mwake, na yule mwenye pembe zilizolala namna hii huwa ameshazaa mara nane. Kisha akanyoosha kidole nyuma, mahali ambapo baiskeli ya katekista ilikuwa na keria.

"Na mkia umekatwa."

Baba akajaribu kusema kwamba pengine baiskeli si ng'ombe. Mjomba akamgeukia.

"Shemeji," alisema, "kitu kikichoka kinachoka. Ila sitaki kumwonea mtoto wa watu. Namjua fundi wa baiskeli kule Same, karibu na stesheni. Alikwenda vitani mpaka Burma akitengeneza baiskeli za jeshi. Nitamleta. Atakalosema yeye, ndilo."

Wazee wakakubaliana. Jumamosi alfajiri mjomba akateremka Kisiwani kudandia lori la Same, na mimi nikabaki na wasiwasi usio na jina. Sikuwa na shaka na mchumba wangu. Nilikuwa na shaka na mzungu wake.

Jumamosi hospitali tulikuwa tunatoka mapema. Nilipofika nyumbani nilikuta mmoja wa mbuzi ameshakula utepe wote wa kitambaa upande wa kushoto wa usukani, na wenzake wameichafua baiskeli kwa namna ambayo sitaieleza. Nikaona aibu kwa niaba yake. Fundi angekuja Jumapili baada ya ibada, isionekane mali ya mchumba wangu imetunzwa ovyo kwetu. Nikachota maji, nikachukua mafuta ya taa na vipande vya shashi nilivyovifua, nikaanza kuisafisha nilivyofundishwa kusafisha jeraha, kuanzia katikati kwenda nje.

Jeraha ukilisafisha sana unaona usiyopenda kuona. Pale fremu ilipokuwa imekwaruzwa, chini ya rangi ya bluu palikuwa na kijani. Nikasugua. Chini ya kijani palikuwa na nyeusi, na juu ya ile nyeusi mstari mwembamba wa dhahabu, mzuri ajabu, mtu aliuchora kwa mkono. Nikajiambia kwamba wazungu wana vichekesho vyao, labda hupaka rangi kila mwaka kama sisi tunavyosiliba nyumba. Miaka mitatu, rangi tatu. Moyo wangu ulikubali hesabu hiyo kwa haraka sana.

Kisha nikafika kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma. Kilikuwa kinene, cha gia tatu zilizofichwa ndani, kimefunikwa na uchafu mweusi mgumu. Dereva wa hospitali, mtu aliyejua habari za kila kinachozunguka, aliwahi kunionyesha kitovu kama hicho kwenye baiskeli ya sista mkuu, akaniambia kwamba kiwandani hugonga tarakimu mbili pale kwenye chuma, nazo ni mwaka. Nikalainisha uchafu kwa mafuta ya taa, nikaukwangua kwa kucha. Tarakimu zikatokea moja baada ya nyingine, safi kabisa, kana kwamba zimegongwa jana.

Ulikuwa mwaka ulioandikwa kwenye cheti changu cha ubatizo. Mimi na mahari yangu tulikuwa rika moja. Nilikaa chini kwenye mavi ya mbuzi, nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikakatika, kwa sababu niliona Jumapili yote ilivyokuwa inakuja. Fundi wa Burma angejua pa kutazama. Angesoma. Mjomba angegeuka kumtazama yule mtu mrefu mwenye masikio, ambaye alisema miaka mitatu mara mbili mbele ya mashahidi, na hakuna ambaye angeamini kwamba alidanganywa. Wangesema ametudanganya. Na mimi ningerudi hospitali kufunga vidole vya watu wengine maisha yangu yote.

Nilipaswa kwenda kwa baba. Najua. Nilikuwa na miguu miwili na baba alikuwa shambani kwake kwenye kahawa, si mbali. Badala yake niliingia ndani, nikatoa kopo la mafuta ya vidonda ambalo sista aliniruhusu kulichukua lilipobaki na makombo, nikayakomba makombo yote, nikayachanganya na masizi ya chungu, nikakipaka kitovu kile mpaka tarakimu zikapotea. Nilifanya kazi nzuri. Nilirudi nyuma hatua tatu, nikatazama, nikajisifu.

Fundi akafika Jumapili mchana, amechoka, analaani kila jiwe kati ya Kisiwani na kwetu. Alikuwa mtu mfupi, mnene, amevaa kaptura ya jeshi, na alimwambia mjomba mbele ya watu kwamba angejua watu wanaishi juu namna hii angeitisha malipo ya jogoo wawili, si mmoja. Wazee wakakaa kwenye viti. Mchumba alikuwepo, amesimama pembeni kama inavyompasa, mikono nyuma. Mimi na mama tulikuwa jikoni, ambako ukuta wa fito ulikuwa na matundu ya kutosha kwa watu wawili. Makande yalikuwa yanaungua na hakuna aliyejali.

Fundi akaigeuza baiskeli, ikasimama kwa kiti na usukani, magurudumu juu. Wazee wakaguna, maana mnyama hafanyiwi hivyo isipokuwa anachinjwa. Akagonga bomba la fremu kwa ukucha, akasikiliza. Akapitisha kidole kwenye viungio vilivyochongwa kama majani ya ua. Uso wake ukabadilika, akaacha kulaani.

"Nani kaileta hii huku?" aliuliza. "Hii si baiskeli ya kubebea gunia. Hii ni ya mashindano. Ya kukimbia barabarani, Ulaya. Ilitengenezwa bila keria, haikukatwa kitu."

"Na pembe?" aliuliza mjomba.

"Zilitoka hivyo kiwandani, mzee. Anayeendesha analala kifudifudi ili apite kwenye upepo."

"Nani analala juu ya baiskeli?"

"Wazungu."

Wazee wakatikisa vichwa. Jibu lilikuwa linatosha. Niliona mgongo wa mchumba wangu ukinyooka kidogo, nikaanza kumpenda yule fundi.

"Haya, umri," alisema mjomba.

Fundi akakwaruza rangi, akaona kijani, akaona nyeusi. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye kitovu cha nyuma. Akagusa kwa kidole. Akakileta kidole puani.

"Hii si grisi," alisema.

Akanusa tena. Akampa mzee wa karibu anuse kitambaa alichofutia. Kitambaa kikazunguka kwenye viti, mzee mmoja baada ya mwingine akikiinamia kwa makini kama wanaonja chumvi. Kilipofika kwa baba, baba alinusa, na sikuhitaji kumwona uso. Mafuta yale yale nilikuwa nampaka kwenye goti lake kila jioni. Akampa mwenzake kitambaa upesi.

"Inanuka hospitali," alisema fundi. "Na imepakwa juzi au jana. Mtu kaficha kitu hapa." Akamwaga mafuta ya taa, akafuta, akainama, akasoma zile tarakimu mbili kwa sauti, moja moja. "Mzee, chombo hiki ni kizuri kuliko chochote nilichoshika tangu vitani. Lakini miaka mitatu hapana. Kina miaka ishirini."

Mjomba hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Kijana," alimwambia mchumba wangu, "ulisema mitatu. Ukasema tena. Kumbe ulijua, ukaipaka mafuta nisione."

"Sikujua, mzee. Na sikuipaka mimi."

"Aliipaka mbuzi?"

Mchumba akakitazama kidole chake. Niliona kwamba ameelewa. Alijua harufu ile, ilikaa kwenye kidole chake wiki sita. Akainamisha kichwa, akasema, "Basi ni mimi, mzee. Nisameheni."

Sijui kama umewahi kuona mtu anajizamisha kwa ajili yako naye hajui kuogelea. Nilisimama. Mama akanidaka khanga, nikamwachia khanga mkononi, nikatoka na gauni langu la ibada mpaka katikati ya wazee, mahali ambapo msichana anayeposwa hatakiwi kukanyaga.

"Shikamooni," nilisema, kwa sababu hata mtu anayejiharibia ana adabu zake. "Anasema uongo. Niliyepaka ni mimi."

Hakuna aliyejibu marahaba.

"Niliiosha jana nikaona mwaka. Yeye hakujua. Mzungu ndiye aliyemdanganya. Mimi nilijua, nikaficha."

"Ulinificha mimi?" aliuliza mjomba. "Mimi mjomba wako?"

"Ndiyo, mjomba."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno jikoni, maneno ya heshima, kuhusu karantini na Bwana Mifugo. Yote yakayeyuka. Nilikuwa na hasira, sijui kwa nani, labda kwa wote, labda kwa yule baiskeli aliyekaa miguu juu akitazamwa na watu wazima tisa.

"Kwa sababu namtaka," nilisema.

Neno hilo kwetu msichana halisemi. Anaweza kukaa kimya, na kimya chake kikatafsiriwa na shangazi. Mzee mmoja akakohoa. Fundi wa Same, mtu wa mjini, akaanza ghafla kukaza nati ambayo ilikuwa imekaza. Baba alitazama goti lake. Nilisikia aibu ikinipanda kutoka shingoni mpaka kwenye nywele, na sikuwa na khanga ya kujifunika.

Mjomba alinitazama, na ndipo nilipoona kwamba hakuwa amekasirika. Alikuwa ameumia. Mtu huyu alinibeba mgongoni nilipokuwa na surua, akavuka nami mito miwili kwenda kwa mganga, na mimi nilimpakia masizi.

"Siku tatu nimekaa na chuma hiki," alisema. "Nimekihesabu meno kwa magoti yangu. Nimepanda lori la mahindi mpaka Same kumfuata bwana huyu. Kama unamtaka kiasi hicho, mbona hakuna aliyeniambia?"

"Hakuna aliyeniuliza, mjomba."

Akageuka kumtazama baba. Baba akawatazama wazee. Wazee hawakuwa na pa kutazama, wakaitazama baiskeli. Walikuwa wameikagua meno, pembe, mkia, tumbo na kitovu, wakaitafutia mtaalamu wa kuisemea.

Mjomba akavua kofia yake, akaiweka gotini, akaniuliza kama nakubali kuolewa na mtu huyu.